Shingo ya Spesioza

Kibondo, Jumapili mchana, mwezi wa nane, 1976

Upepo wa leo umeamka na hasira. Vumbi linaingia wodini kwa milango na madirisha, na nesi hataki hata dirisha moja lifungwe. Nimemfuta mdogo wangu uso mpaka kitambaa kimekuwa chekundu kama udongo wa barabarani. Yeye hajui. Amelala, na mimi nimekaa kwenye kigoda karibu na kichwa chake, naandika ili mikono ipate kazi.

Daktari alipita asubuhi, akamgusa kwenye paji la uso, akasema homa imeshuka. Nikafungua mdomo nimshukuru, akaninyooshea kiganja ningoje kwanza. Alisema akiamka ndipo tutajua ugonjwa umeondoka na nini.

Umeondoka na nini! Kama mgeni aliyelala kwako, halafu asubuhi unahesabu vikombe.

Nikamuuliza basi unaweza kuondoka na nini. Hakunificha, na kwa hilo namheshimu, ingawa pale pale nilitamani angenidanganya kidogo. Alisema wengine hubaki na kifafa. Wengine mguu mmoja unakuwa mzito, wengine darasani akili hairudi kama zamani. Lakini kitu ugonjwa huu unachopenda kuchukua kwa watoto, alisema, ni masikio.

Tangu hapo nimekuwa nikimwangalia Spes masikio yake. Madogo, yamebana kichwani, kama ya mama.

Spesioza ana miaka tisa hivi. Ndiye mtu pekee wa kwetu niliyebaki naye. Tulipokimbia mauaji ya Burundi tukavuka mpaka kuja upande wa Munanila, mwaka ule wa sabini na mbili, mkono wake nilikuwa nimeushika; wa mama sikuufikia. Baadaye nikaolewa Kitahana na Gervas, Mha mwenye moyo mzuri na miguu isiyotulia, ambaye sasa yuko Kasulu anachonga madawati ya shule. Wenzangu walifika kwa waume zao na mikeka na vyungu. Mimi nilifika na mdogo wangu.

Jioni tukimenya mihogo, namsimulia habari za mama. Namsimulia kwa Kirundi cha kwetu, kwa sababu kwa Kiswahili mama haji. Namwigia sauti yake akituita kutoka kisimani, namna alivyokuwa akicheka huku anakohoa, wimbo aliokuwa akimwimbia Spes mwenyewe asilie. Spes alikuwa mdogo, hakumbuki kitu. Mama aliye naye ni huyu aliyeingia kwa masikio. Na mimi na maneno yangu yote haya, sijamaliza hata nusu.

Hicho ndicho ninachokingoja hapa kigodani. Uhai nimekwisha kupewa, asante Mungu. Sasa naomba na masikio, na najua naonekana mroho.

Jumatatu ndiyo ilianza. Nilimtwisha debe la mihogo mikavu apeleke sokoni hapa Kibondo, na ngata nikaisuka mwenyewe kwa majani ya migomba. Alikwenda akiimba. Jioni akarudi ameshika kichwa, hataki chakula. Nikamwambia alale, uchovu huo. Jumanne alfajiri mwili unachoma na shingo imekaza kama mpini wa jembe.

Nyumba nzima tulijua ni nini. Mzigo.

Huku kwetu hakuna mwanamke ambaye hajawahi kuumwa shingo ya mzigo. Vilima hivi tunavipanda na kuvishuka na kuni, maji, mikungu ya ndizi, tangu tukiwa watoto wa kutwishwa vibuyu. Shingo ikikaza haihitaji mganga wala sindano. Ina jina lake na ina dawa yake, mawese ya moto na mikono ya mtu anayejua kunyoosha. Na mkono unaojua Kitahana nzima ni wa mama mkwe wangu. Amenyoosha shingo za nusu ya kijiji, na wengine aliwanyoosha mama zao pia.

Akamlaza Spes mkekani, akampaka mafuta, akabonyeza kwa dole gumba nyuma ya masikio, halafu akashika kidevu na kuvuta. Spes alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwake. Nikatoka, nikaenda kusimama kwenye migomba kama mtu aliyetumwa kitu akakisahau.

Na niseme ukweli, maana hapa hakuna wa kumfurahisha. Niliamini ni mzigo kwa sababu mzigo nilimtwisha mimi. Mama mkwe, ambaye namwita mama tu, hakunilaumu. Waliolaumu ni majirani, na hawakunong'ona: mmoja alisema mtoto wa kuja naye ndiye punda wa nyumba. Maneno hayo yaliniingia kwenye mifupa. Nikataka shingo inyooshwe upesi na kimya kimya kabla habari haijafika sokoni. Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo tuliiimba shuleni tulipofika huku, na siku ya kuitumia ikanipita mbele ya macho nikiwa na chupa ya mawese mkononi.

Siku hizi, tangu tuhamishiwe kwenye kijiji kipya, nyumba zimepangwa karibu karibu. Ukipiga chafya, jirani anakuombea heri. Basi Jumanne yote watu walikuja kumwona mgonjwa, na mgonjwa kwetu haachwi peke yake, ni aibu. Wakaja na chungu cha pombe ya mtama, wakakaa chumbani kumzunguka, mrija mmoja unatoka mdomo huu unaingia mdomo ule. Upepo ulikuwa wa baridi, mama akaziba kidirisha kwa gunia, akaleta na jiko la makaa. Wakakohoa, wakacheka, wakamwombea. Spes katikati yao. Usiku waliobaki wakalala sakafuni humo humo, pamoja na mwanangu Filipo ambaye ndiyo kwanza anajifunza kukimbia.

Sasa nawahesabu mmoja mmoja.

Jumatano asubuhi nilifungua mlango nitoe majivu. Jua likamwangukia Spes usoni. Alipiga kelele, akajifunika macho kwa mikono miwili, akatapika, na alikuwa hajala kitu tangu Jumatatu. Nikabaki nimesimama na koleo la majivu.

Mzigo wa kichwani unaumizaje macho?

Mimi nimebeba. Najua mzigo unauma wapi: shingo, kiuno, magoti, na moyo siku ukiuza kwa hasara. Debe halijawahi kunifanya nilichukie jua. Nikapiga magoti, nikamwambia Spes aangalie kifua chake. Hakuweza. Nikaingiza mkono chini ya kisogo nimwinue kidogo, na magoti yake yakapanda yenyewe, kama yamefungwa kamba moja na shingo. Hapo nikaogopa woga wa kweli.

Nikamwambia mama tunakwenda hospitali. Akakataa. Alisema shingo iliyoanza kunyooshwa haitikiswi njiani, itakatika. Lazima itulie mpaka mikono iirudie. Akanikumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Alisema kwa upole, na alikuwa na haki yake, maana hajawahi kuharibu shingo ya mtu.

Mama mkwe huwa nasema naye nimekaa chini, macho yangu yako kwenye miguu yake. Ndivyo mkwe anavyoheshimiwa. Siku hiyo nilikuwa nimesimama na nilimtazama usoni.

"Mama, huyu akifa sina wa kulia naye."

Alivua kitenge alichojifunga mabegani, akanirushia nimfunike Spes macho. Kisha akatoka mwenyewe kwenda kumwita balozi wetu wa nyumba kumi, na muda si muda vijana wakaja na machela. Njia nzima nilitembea kando nikisema na Spes chini ya kile kitenge. Sikumbuki nilisema nini. Upuuzi, nadhani. Habari za kuku.

Hapa daktari hakupoteza muda. Alijaribu kuinamisha ile shingo, akaangalia magoti, akauliza nani amelala naye chumba kimoja. Nikaanza kutaja na nikaona uso wake unabadilika kadiri ninavyotaja. Halafu akasema anataka kumtoa maji mgongoni kwa sindano, ayaone.

Loo. Benchi zima la nje lilikuwa limenionya habari ya sindano hiyo. Anayetolewa maji ya mgongo hainuki tena, wanasema, na kila mmoja ana jina la mtu aliyekufa hivyo. Nikamwambia daktari nimempelekea mume wangu salamu Kasulu kwa dereva wa lori, tungoje afike, yeye ndiye mwenye neno. Daktari aliweka chini alichokuwa ameshika.

"Mumeo akifika kesho, atamkuta nani?"

Akanieleza, taratibu, kwamba wale wanaotajwa kwenye benchi walikufa kwa kuchelewa, na sindano ikabebeshwa lawama. Nikasema mtoe. Nilisema kwa sauti ndogo mpaka akaniuliza tena, nikasema mtoe, mimi ndiye mwenye neno.

Tulimkunja Spes ubavuni kama mtoto aliye tumboni, mimi nimemshika kichwa na magoti. Maji yalitoka tone kwa tone. Daktari akaniambia kwa mtu mwenye afya yanakuwa maangavu kama ya chemchemi. Haya yalikuwa kama maji uliyooshea mchele.

Homa ya uti wa mgongo.

Kitu cha kwanza nilichouliza, Mungu anisamehe, ni kama mzigo ndio ulioileta. Alinitazama kama mtu asiyeelewa swali. Kisha akakaa. Alisema ubongo na uti wa mgongo vimevikwa ngozi laini, na ndani yake kuna hayo maji. Kuna vijidudu ambavyo watu wengi wanatembea navyo kooni bila hata kikohozi. Vinapita kwa mate, kwa kukoholeana, kwa kulala wengi kwenye chumba kisichopitisha hewa. Kiangazi kama hiki, vumbi na upepo vinachubua koo, na kijidudu kinapata mlango. Kikiingia mpaka kwenye ile ngozi, inavimba, na ndiyo maana shingo haikunjiki na mwanga unachoma. Mtu anaweza kufa kwa siku moja. Debe la mihogo halimo kwenye habari hiyo hata kidogo.

Nililia kwa kufarijika, na katikati ya kilio hasira ikanipanda. Siku nzima ya Jumanne! Siku nzima ya mawese.

Tangu hapo hajitambui, na ni sindano, usiku na mchana, mpaka mapaja yake yamekuwa magumu. Ijumaa Gervas aliteremka kutoka kwenye lori mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele mpaka kandambili. Akasimama mwisho wa kitanda, akasema nilifanya vema kutomngoja. Sikutegemea, na nimeliweka neno hilo mahali pazuri. Jana amekwenda Kitahana kukaa na Filipo.

Mama naye alifika jana na ugali wa muhogo na dagaa, na habari za kijiji. Mganga wa zahanati alitumwa kwetu siku ya pili tu. Ameng'oa gunia dirishani kwa mkono wake, ameamuru nyumba zote zifunguliwe mchana kutwa, na wote waliolala chumbani, Filipo akiwemo, wamemezeshwa vidonge mbele yake huku akiwakagua midomo kama ng'ombe wa mnada. Anayekohoa ajizibe kwa kitambaa. Watu wasirundikane, hata ngoma ya mavuno imeahirishwa. Akiumwa mtu kichwa na shingo, au akichukia mwanga, asinyooshwe, abebwe siku hiyo hiyo. Nasikia alisema pia kwamba ipo chanjo nchi nyingine, ila kwetu bado, kwa hiyo chanjo yetu kwa sasa ni hewa na miguu ya kukimbilia zahanati.

Palipozuka ugomvi ni kwenye mrija. Mganga alisema kila mtu na wake au pombe iachwe. Wazee wakang'aka: mtu anayekunywa kwa mrija wake peke yake ana lake jambo moyoni, na utamjuaje rafiki kama humpokezi mrija? Mama anasema walibishana mpaka aliposimama yeye, akauchomoa mrija chunguni, akauvunja gotini. Kisha akaenda zake jikoni.

Alinisimulia hayo bila kujisifu. Alikuwa anangoja daktari. Daktari alipofika, akamfuata, akamwonyesha viganja vyake vyote viwili.

"Mwanangu, mikono hii ndiyo imemletea mtoto ugonjwa?"

"Hapana, mama. Mikono haikuuleta ugonjwa. Iliuchelewesha kujulikana."

Alivitazama vile viganja kwa muda, kama anatafuta kitu kilichomwangukia, akatoka nje. Nilitakiwa nimfuate. Sikumfuata. Bado nina donge, na nikijilazimisha kusema sina nitakuwa mwongo mbele ya karatasi. Leo yuko kwenye mafiga huko nyuma ya wodi, anapika uji, na mimi niko hapa. Tunapitana mlangoni kama watu waliopanga nyumba moja.

Spes amesogeza mkono. Naacha kuandika.

*

Jioni.

Nijaribu kuandika kwa mpangilio.

Aliamka jua likiwa limeanza kupoa. Alifungua macho akaangalia dari, akaangalia kitanda cha pili, akaniangalia mimi, akanijua. Nesi akapeleka kidole kushoto na kulia, macho yakakifuata. Akamkwaruza nyayo, vidole vya miguu yote miwili vikajikunja. Nikaanza kucheka. Spes aliomba maji kwa Kirundi, sauti ikiwa kavu, ila ni ile ile yake. Nikamnywesha kwa kijiko huku namweleza yote kwa mpigo: machela, maji ya mgongoni, vumbi la Gervas, wazee na mrija. Alikuwa ananitazama mdomo. Nilidhani ananipenda.

Mama akaingia na sufuria ya uji. Akamwona Spes yuko macho, akapiga vigelegele pale pale mlangoni, vya nguvu, mpaka mtoto wa kitanda cha dirishani akashtuka akaanza kulia na mama yake akacheka. Wagonjwa wakaanza kupongeza, kila mtu na neno lake. Wodi ilikuwa kama soko.

Spes akakunja uso.

"Dada, mbona mnanong'ona?"

Nilimwelewa mara moja. Lakini nilijifanya sikumwelewa. Nikasema amechoka, nikasema ni usingizi. Nesi akanishika bega, akanisogeza nyuma ya kichwa cha kitanda, Spes asinione, akaniambia nimwite. Nikamwita. Nikamwita tena kwa jina la utotoni ambalo hapa Tanzania nzima hakuna mwingine anayelijua. Nikapaza sauti mpaka wodi ikanyamaza. Spes aliendelea kuangalia uji.

Mama alitua sufuria chini. Akaja upande wa pili, akaipeleka mikono yake kwenye sikio la kulia la Spes, akavigonganisha viganja mara moja. Spes hakugeuka. Akapiga tena, na hapo niliona jicho limecheza, au nilitaka kuona. Akapiga tena na tena, machozi yakimtiririka, mpaka nikakizunguka kitanda nikamshika hiyo mikono. Tukabaki tumeshikana. Lile donge langu sijui limekwenda wapi, sikulitafuta.

Daktari ameitwa, amekuja. Anasema tungoje wiki kadhaa. Kwa wengine kidogo hurudi, hasa upande mmoja, kwa wengine hakirudi kitu. Hawezi kuniahidi. Anasema mtoto yu hai na akili yake ni nzima, na wengi waliochelewa kuliko sisi hawakuwa na wa kuamka. Nimemshukuru, na safari hii hakunizuia.

Spes hajui bado. Anadhani watu wazima tumekuwa na siri, tunasogeza midomo bila kutoa sauti. Amekunywa uji wote. Kabla ya kulala alinipangusa shavu kwa kidole chake chembamba.

"Unalia nini? Si nimepona?"

Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, amepona.

Akalala akiwa ameridhika. Mama amejikunja mkekani chini ya kitanda. Kesho Spes ataamka na maswali, na mtu wa kumwambia ni mimi. Nitamwambiaje?